Nguruwe pori wa Nyakasimbi hawahitaji SMG

Mihogo na viazi vikianza kukomaa wilayani Karagwe, nguruwe pori hushuka usiku kwa makundi. Asubuhi mkulima anakuta tuta limechimbuliwa lote, mahindi yamelazwa, vigunzi vimetapakaa. Katika kata kama Nyakasimbi watu hulinda kwa debe, moto na mbwa. Wakizidiwa, humwendea mtendaji wa kijiji, naye huomba msaada wa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Askari wa wanyamapori mara nyingi hubeba SMG, bunduki ya kivita inayojipakia yenyewe. Shabaha anaweza kuwa nayo. Tatizo ni kilichomo kwenye magazini.

Risasi za kivita za milimita 7.62 zina ganda gumu, na zimeundwa ili zipenye. Azimio la Hague la 1899 lilipiga marufuku vitani risasi zinazotanuka mwilini, ndiyo maana majeshi hutumia hizi ngumu. Mwindaji anahitaji kinyume chake. Nguruwe dume anaweza kuzidi kilo 80, ana ngozi nene na mabega yaliyojaa misuli. Risasi ngumu ikimpitia bila kugusa moyo, mapafu wala uti wa mgongo, anakimbia na jeraha hadi kichakani. Huko anakufa polepole, au anamrukia kwa meno mtu wa kwanza anayefuata damu. Risasi ya ncha laini hutanuka ikishaingia na sehemu kubwa ya nguvu yake huishia ndani ya mnyama.

Halafu kuna nyumba. Karagwe watu wanaishi ndani ya vibanja vyao, jiko na chumba cha watoto vimezungukwa na migomba. Risasi ya rifle inaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili, na mgomba ni maji na maganda tu, hauzuii kitu. Bunduki inayojipakia yenyewe huongeza hatari hiyo: ya kwanza ikikosa, ya pili na ya tatu hutoka kabla jicho halijatulia.

Wapo wanaotolea mfano Texas, ambako tangu 2011 wenye ardhi wameruhusiwa kuwauzia wawindaji nafasi ya kuwapiga nguruwe hata kutoka kwenye helikopta. Lakini nguruwe wa Marekani waliletwa na binadamu, na mashamba ya kule ni mapana, yako wazi. Wa Karagwe ni wanyama wa asili, wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Hata mwindaji wa kitalii anayekuja Tanzania haruhusiwi kuingia na bunduki inayojipakia yenyewe.

Gobole nalo si jibu. Likishindiliwa vipande vya nondo hujeruhi kuliko linavyoua, na likipasuka humwondolea mpigaji vidole au macho.

Kinachofaa ni bunduki ya marisau ya geji 12, yenye risasi moja nzito badala ya chembe nyingi, ikipigwa kwa umbali usiozidi hatua 30. Askari akae juu ya dungu, lile lile ambalo wakulima hulindia ndege na ngedere. Akiwa juu, mdomo wa bunduki unaelekea chini, na risasi ikimkosa nguruwe inazama udongoni.

Madiwani wa Karagwe na wa wilaya jirani ya Kyerwa waliweke jambo hili kwenye bajeti za halmashauri zao: bunduki chache za marisau, risasi zake, na mafunzo ya askari, vyote viwe tayari kabla mahindi ya msimu ujao hayajabeba.