Anayelilia Ukoko Aende Akaupike

Nimechoka na ukoko. Si ule wa kula, huo nikiupata hata sasa hivi naukwangua mpaka sufuria ipige kelele. Nimechoka na ukoko wa kwenye maandishi. Sisi wapenzi wa fasihi tukikaa kuandika habari za kwetu, lazima bibi achutame mbele ya mafiga, moshi upande, mjukuu akwangue matandu na machozi ya mapenzi yamlengelenge. Halafu ikitajwa sufuria ya umeme, ile raisikuka, tunakunja pua: ati wali wake hauna roho, ni wali wa hospitali.

Nauliza swali moja tu. Aliyechutama pale ni nani? Maana waandishi wa ukoko ninaowajua mie, wengi ni wanaume, na jikoni wanaingia kuuliza kama chakula tayari.

Nimekulia Chake Chake, moto huo naujua. Wali wa nazi hauanzi na mchele. Unaanza na mbuzi ya kukunia, kifumbu, tui zito pembeni na jepesi pembeni. Unakoka makumbi na vifuu, au unawasha seredani. Tui jepesi likichemka unatia mchele na chumvi, ukianza kukauka unatia lile zito, kisha unafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Hapo ndipo penye kazi. Moto ukizidi, wali unaungua. Ukipungua, unapata bokoboko. Kuondoka huwezi. Sasa fikiria msimu wa karafuu: mama yangu anarudi shamba jua limekwisha, karafuu zinamngoja zichambuliwe usiku ule ule ili asubuhi zianikwe, na bado kuna sufuria ya kupalia. Macho mekundu, kikohozi. Hakuna aliyemwandikia insha.

Sufuria ya umeme tuliletewa na mjomba kutoka Maskati, ndani ya boksi la nguo na tende. Mama aliiweka juu ya kabati miezi miwili, kama pambo. Siku aliyoijaribu alikaa kando yake akiitazama, hajui mikono aiweke wapi.

Na siri yake si kubwa. Maji yakiwapo, joto la chini ya sufuria halipiti sana nyuzi 100, kwani maji yanayochemka yanaishia hapo. Yakishanywewa yote na mchele, joto linapanda ghafla na swichi inaruka yenyewe. Yaani inafanya kile kile alichofanya mama kwa kusikiliza na kunusa. Wajapani walianza kuiuza 1955, chini ya jina la Toshiba, na majaribio mengi hayakufanywa na wahandisi wenye makoti meupe bali na Fumiko Minami, mke wa mwenye karakana iliyopewa kazi hiyo, aliyepika wali na kupima joto siku baada ya siku. Kwa hiyo msiniambie kifaa hiki hakijui jikoni. Kimezaliwa jikoni, na mwanamke aliyechoka alikuwapo.

Haya, kasoro zake. Tui zito ukilitia mwanzo, linatuama chini, linashika, na swichi inaruka mchele ungali mbichi. Anza na jepesi, zito litie mwishoni, koroga mara moja, funika. Pilau ya kukaanga vitunguu mpaka viwe vyeusi, kaangia kwenye sufuria ya kawaida. Na khitma ya watu sitini haipikwi humo, hilo hata mtoto anajua.

Umeme nao. Kabla ya 2010 tulitegemea majenereta ya dizeli pale Wesha. Tangu hapo unatufikia kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Ukikatika, umekatika, na sufuria inageuka bakuli. Ndiyo maana seredani yetu hatujaitupa. Lakini anayelalamika kwamba inamaliza umeme wa TUKUZA apige hesabu: sufuria ya wati 700 ikifanya kazi nusu saa haifikishi hata nusu ya uniti moja. Alinganishe na polo la mkaa, kisha aende ufukweni akahesabu visiki vya mikoko.

Mie lakini sishindanii uniti. Nashindania zile dakika thelathini. Nilisoma *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa hapa hapa Pemba, nikiwa sekondari, na niliisoma jioni, wali ukijipikia. Kisa cha Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba yake, nilikisoma nikiwa nimekaa jikoni, mikono mitupu, hakuna anayeniita nikapalie. Kabla ya sufuria ile, saa hiyo ilikuwa ya moto. Dada yangu mkubwa, mwenye akili kunishinda, aliolewa hajamaliza riwaya hata moja. Mtu akiniambia ukoko ndio utamaduni, namfikiria yeye.

Ladha? Nakubali, wali wa kupaliwa makaa una harufu ambayo umeme hauitoi. Nimemuuliza mama kama anaikosa. Akanijibu, “Naikosa, mwanangu. Nipikieni.”

Basi, wenzangu, seredani ipo uani. Mkaa upo kwenye polo, mbuzi nyuma ya mlango. Nazi mbili zitatosha.