Shemeji Anaoa

Mwezi uliopita nililetewa ofisini kadi ya mchango wa harusi. Jina la bwana harusi nalifahamu vizuri sana, ni shemeji yangu. Jina la bibi harusi silijui.

Ngoja nieleze. Huyo bwana kaishi na rafiki yangu miaka saba. Walianza na chumba kimoja, wakahamia viwili, wakapata mtoto ambaye sasa yuko darasa la kwanza. Mtaa mzima uliwajua kama mtu na mkewe, na sisi tulimwita yeye shemeji bila hata kufikiri. Ndoa ya kanisani ilikuwa "mwakani". Mwakani ikifika inasogezwa. Halafu bwana akaenda likizo kwao, akarudi na mchumba aliyetafutiwa na mama yake. Rafiki yangu akapigwa kibuti, kwa upole kabisa, na kuambiwa kodi ya miezi mitatu imeshalipwa.

Kilichommaliza si hicho. Ni Jumapili ile alipokaa kanisani na mtoto wake, akasikia matangazo ya ndoa yakisomwa, na lile ombi kwamba mwenye kujua kizuizi chochote amwone paroko. Alinipigia akiwa nje ya geti, analia. "Hivi dada, kizuizi si mimi? Au kwa Mungu mimi nilikuwa nani?"

Nilinyamaza. Lakini neno lile, kizuizi, nilishakutana nalo mahali.

Mimi nimesoma chuo chenye jina la Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, Mwanza. Miaka yote ile jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho changu, na nilichojua ni kwamba alikuwa kijana mhuni, mama yake Monika akamlilia Mungu, kijana akaongoka. Ndivyo tunavyosimuliwa. Kumbe kuna mtu kaachwa nje ya hadithi.

Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Akiwa mwanafunzi Kartago, hajafika hata miaka 20, akaanza kuishi na mwanamke. Wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Wakaishi zaidi ya miaka kumi, na mwenyewe anasema katika Maungamo yake kwamba muda wote huo alikuwa mwaminifu kwake. Sasa huo ni uhuni gani?

Mwaka 384 akapata kazi ya heshima Milano, kufundisha ufasaha wa kusema. Mambo yakanyooka, mama akafika, na mama akaona mwanae anastahili mke wa familia ya maana. Msichana akapatikana, mdogo kiasi kwamba ilibidi asubiriwe karibu miaka 2. Na yule mama wa mtoto? Augustino anaeleza kwamba aliondolewa kwa kuwa alikuwa kizuizi cha ndoa. Alirudishwa Afrika, mtoto akabaki kwa baba. Aliondoka ameapa kwamba hatakuwa na mwanamume mwingine. Augustino, ambaye anatuambia moyo wake ulichanika, alishindwa kusubiri hiyo miaka 2. Akatafuta mwanamke mwingine wa kupitishia muda. (Jamani, wanaume! Lakini angalau huyu aliandika mwenyewe, hakusubiri kuumbuliwa.)

Ndoa ile haikufungwa. Pasaka ya 387 alibatizwa pamoja na mwanae, na Adeodatus alifariki miaka michache baadaye akiwa bado kijana mdogo. Jina la mama yake Augustino hakuliandika. Wasomi wanamtetea, wengine wanasema alimsitiri. Mimi bado nina kinyongo.

Ila kuna jambo lilinipunguzia. Karibu mwaka 401, akiwa askofu wa Hippo, aliandika kitabu juu ya wema wa ndoa. Humo anamzungumzia mwanamume anayeishi na mwanamke huku akingoja kupata mwingine wa hadhi yake au mwenye mali. Anasema huyo moyoni ni mzinzi, na anayemsaliti si yule anayemtafuta, ni huyu aliye naye ndani. Na kama mwanamke huyo alikuwa mwaminifu kwake, na hata baada ya kuachwa hafikirii mume mwingine, Augustino anasema hathubutu kirahisi kumwita mzinzi. Hataji mtu. Mimi naamini alijua anamwandika nani.

Turudi kwa rafiki yangu. Watu wa parokiani walimjibu haraka: hukufunga ndoa, kwa hiyo bwana yuko huru. Ni kweli, lakini nusu. Kwa Kanisa ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili, inayotamkwa mbele ya padri na mashahidi, na wao hawakuitamka. Nusu ya pili iko kwenye kanuni ya 1071 ya Sheria ya Kanisa ya 1983. Mtu mwenye wajibu wa asili kwa mwenzi au watoto wa uhusiano uliotangulia, padri hapaswi kumfungisha ndoa bila ruhusa ya askofu, labda kuwe na dharura. Wajibu wa asili! Maana yake haukuletwa na cheti, na kukosa cheti hakuufuti. Hata Sheria ya Ndoa yetu ya 1971, kifungu cha 160, inasema waliokaa pamoja miaka 2 na kujulikana kama mke na mume huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata ikithibitishwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Nilimsomea yote. Akasema, "Dada, mimi simtaki tena." Nikamwambia hakuna anayekurudishia mtu, nenda kaseme tu kwamba ulikuwepo.

Alikwenda Jumanne, na mtoto kavaa sare ya shule. Paroko hakuwa na habari kwamba kuna mtoto. Bwana harusi alipoulizwa alijaza "hapana". Sasa ameitwa na karatasi zake zimesimama. Ada ya muhula ujao ameilipa wiki hii, bila kukumbushwa.

Kadi yangu iko kwenye droo. Mwenyekiti wa kamati kanipigia mara mbili, sijapokea.