Kabla mtoto hajapanda gari la kambi ya kikapu, mwambie mwalimu anachoumwa

Barua ya ruhusa imefika nyumbani. Mtoto amechaguliwa timu ya mpira wa kikapu, na kwa siku kadhaa atalala kambini na wenzake. Wazazi wengi wa Kyela husaini, hutafuta raba na nauli, kisha huuliza gari linaondoka saa ngapi.

Lipo swali zito kuliko hilo. Mwalimu anayeondoka na mtoto huyu, anajua mtoto anaumwa nini?

Wapo wazazi wanaoficha pumu, kifafa au selimundu kwa kuogopa mtoto ataachwa. Hofu hiyo inaeleweka, maana nafasi ni chache na mtoto amejituma. Lakini kambini mzazi hayupo usiku. Ugonjwa ambao nyumbani kila mtu anaujua na kuumudu, kambini unaweza kumkuta mwalimu ambaye hajui aanzie wapi.

Kambi yenyewe ikoje

Kwa wanafunzi wa sekondari, kambi nyingi huhusiana na UMISSETA, mashindano yanayoanzia shuleni na kupanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Zipo pia kambi za likizo ya Juni au Desemba zinazoandaliwa na klabu na makocha.

Watoto hulala kwenye mabweni au madarasa ya shule iliyowapokea. Huamka alfajiri, hukimbia, hunywa uji, kisha hufundishwa kudunda mpira, kutoa pasi, kukaba na kufunga. Jioni hucheza mechi. Goli ni lilelile kwa wote, mita 3.05 kutoka chini, ila wavulana hutumia mpira namba 7 na wasichana namba 6, ambao ni mdogo kidogo. Mechi kamili ina robo 4 za dakika 10 kila moja.

Mtoto aliyezoea kucheza saa moja baada ya vipindi sasa atacheza asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Siku 2 au 3 za kwanza misuli huuma, na hilo ni la kawaida. Maumivu ya kiungo kimoja yanayoongezeka, au mtoto kuchechemea, si ya kawaida. Apumzishwe na apimwe.

Kutoka joto la ziwani hadi baridi ya Mbeya

Mji wa Kyela uko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700. Kambi ya mkoa ikiwekwa Mbeya, mtoto anapanda kupitia Tukuyu na kufika kwenye mji ambao Juni na Julai usiku wake huwa baridi kali, nyuzi joto zikishuka chini ya 10. Shuka moja linalotosha Kyela huko halitoshi. Afungashiwe blanketi, sweta, soksi za kulalia na suruali ya mazoezi ya alfajiri.

Kwa mtoto mwenye selimundu, blanketi ni sehemu ya matibabu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, takriban 11,000 kila mwaka. Baridi, upungufu wa maji mwilini, homa na uchovu mkubwa vinaweza kufanya chembe nyekundu za damu zijikunje na kuziba mishipa midogo. Ndipo huja maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Mtoto huyu aonwe kliniki kabla ya safari. Daktari anaweza kumruhusu mazoezi mepesi yenye mapumziko, au kushauri asicheze. Akizuiwa kucheza, bado anaweza kuwa na timu kwa kuandika alama mezani.

Mwenye pumu naye hubanwa na baridi, vumbi na mbio za ghafla. Dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni mwake au kwa kocha pembeni ya uwanja, isifungiwe ofisini.

Mwenye kifafa asikose dozi wala usingizi. Akianguka, walio karibu wamlaze ubavu, waondoe vitu vinavyoweza kumuumiza, wasimkandamize na wasimtie kitu chochote mdomoni. Degedege likizidi dakika 5, apelekwe hospitali mara moja.

Kuna kundi jingine ambalo wazazi hulisahau. Mtoto aliyewahi kuzimia akiwa anakimbia, anayebanwa kifua akicheza, au ambaye ndugu yake wa karibu alifariki ghafla akiwa kijana, apimwe moyo kabla ya kwenda kambini.

Homa si mafua hadi apimwe

Malaria haionekani siku mbu anapouma. Kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya siku 7 au zaidi. Mtoto anaweza kuumwa na mbu Kyela, akapata homa akiwa Mbeya, na watu wakasema ni baridi tu imemwingia. Mzazi amwambie mwalimu waziwazi, "Huyu ametoka kwenye malaria. Akipata homa, apimwe siku hiyohiyo."

Kambi ikiwa Kyela kwenyewe, chandarua ni lazima, hasa kwa watoto waliotoka milimani. Joto nalo lina hatari yake. Mtoto anywe maji kila baada ya dakika 15 hadi 20 za mazoezi, asisubiri kiu. Mkojo wenye rangi nzito ni dalili kwamba maji hayatoshi. Akianza kuongea asivyoeleweka, kuyumba au kuzimia juani, apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya baridi, apepewe na apelekwe hospitali haraka.

Ziwa Nyasa huvutia baada ya mazoezi, hasa kambi ikiwa karibu na Matema. Watoto wasiende kuogelea bila mtu mzima anayejua maji. Mbali na hatari ya kuzama, kuna kichocho, ambacho mdudu wake hupenya kwenye ngozi majini.

Akiteguka, asikandwe maji ya moto

Jeraha la kawaida zaidi la kikapu ni kifundo cha mguu kuteguka, hasa mchezaji anaporuka na kutua juu ya mguu wa mwenzake. Nyumbani wengi hukimbilia maji ya moto na kuchua. Siku 2 za kwanza hiyo huongeza uvimbe. Mtoto aache kucheza, afungwe bendeji isiyobana sana, awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, na mguu uinuliwe. Akishindwa kabisa kukanyaga hatua chache, apigwe picha, maana huenda mfupa umevunjika.

Raba zimtoshe na zisiwe zimelika chini. Jozi mpya avae nyumbani wiki moja kabla, zisimtoe malengelenge siku ya kwanza.

Mabinti na usalama wa wote

Msichana apewe taulo za kike hata kama siku zake bado, kwa kuwa safari na mazoezi hubadilisha mzunguko. Mzazi aulize jina la mwalimu wa kike atakayelala na wasichana, na kama mabweni yametenganishwa. Mwalimu mwema hachukizwi na swali hilo.

Mtoto, awe wa kike au wa kiume, aambiwe kwamba hakuna kocha anayeruhusiwa kumwita peke yake chumbani au kumshika kwa namna inayomkera, na kwamba akisema hatalaumiwa. Afundishwe namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure.

Karatasi moja

Kabla ya safari, mzazi aandike kwenye karatasi moja jina la mtoto, ugonjwa alionao, dawa na saa za kumeza, chakula au dawa inayomdhuru, na namba 2 za simu zinazopatikana usiku. Aambatanishe kadi ya bima kama ipo. Karatasi hiyo aikabidhi mwenyewe kwa mwalimu mkononi, asimpe mtoto aipeleke. Nakala nyingine ikae kwenye begi.

Na kama baada ya kusema ukweli mtoto ataambiwa asubiri mwaka huu, asichukuliwe kuwa ameikosa kikapu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alianza kuucheza mchezo huu akiwa na umri wa miaka takriban 15, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA, Marekani. Mtoto anayetibiwa vizuri mwaka huu anaweza kuchaguliwa tena mwakani.