Chungu cha Mbwa wa Ulinzi



Ndugu zetu wengi wa Pwani wamefanya makazi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi: Pumwani, Eastleigh, Buruburu, Umoja na Kayole. Huko, kwa kuwakhofu wezi, nyumba nyingi zenye ua hufuga mbwa wa ulinzi, naye ni katika mbwa ambao sheria yetu imeruhusu kuwafuga. Hukumu ya mate yake twaijua, na vyombo vyake twaviweka mbali na vya jikoni. Lakini kujihadhari na najisi hakuondoi wajibu: amfungaye mnyama langoni amechukua dhamana ya riziki yake. Isitoshe, chakula cha mbwa huyo chaweza kuwadhuru watoto wa nyumba hiyo.

Desturi iliyoenea ni kumpa ugali mtupu. Mbwa humeng'enya vyema wanga uliopikwa, na ugali humpa nguvu. Hata hivyo, protini ya mahindi ni dhaifu, na kalsiamu yake ni haba. Mtoto wa mbwa alelewaye kwa ugali pekee hudumaa, na miguu yake huweza kupinda. Nyama tupu isiyo na mifupa nayo haimtoshi, kwa kuwa ina upungufu ule ule wa kalsiamu.

Jambo la hatari zaidi ni kauli hii: "Unga huu umeota kuvu, basi apewe mbwa." Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa, na mbwa ni katika wanyama wanaodhurika nayo upesi, kwani huliharibu ini. Magharibi mwa India mwaka 1974, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu, na mbwa wa nyumba hizo wakafa pia. Hapa Kenya mwaka 2004, watu 125 walifariki katika wilaya za Ukambani na jirani zake kwa kula mahindi ya namna hiyo. Unga usiomfaa mtoto haumfai mbwa. Na utupwe mahali asipoufikia mnyama yeyote.

Jambo la pili ni mapafu na maini mabichi. Mbuzi, ng'ombe na ngamia huweza kubeba ndani ya viungo hivyo vifuko vya maji, navyo vina mbegu za tegu. Mbwa akivila vibichi, tegu hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtoto achezaye uani huyameza kwa mikono michafu, kisha vifuko kama vile humea katika ini au mapafu yake, polepole, kwa miaka mingi, na mara nyingine haviondoki ila kwa upasuaji. Turkana ni miongoni mwa mahali palipoathirika mno na maradhi haya duniani, na Nairobi hula mifugo itokayo kaskazini. Kwa hiyo siku ya Idi, tuchinjapo nyumbani, kiungo chenye vifuko kisirushwe kwa mbwa. Kichomwe moto, au kizikwe kwa kina asichoweza kukifukua. Na viungo vilivyo salama vichemshwe kwa muda wa nusu saa kabla ya kupewa.

Basi apewe nini? Chungu chake na kiwe na wali au ugali wa unga mzima, pamoja na dagaa, ambao Nairobi huitwa omena, waliochemshwa. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yake laini, hivyo hutoa protini na kalsiamu kwa pamoja, na bei yake si ya kutisha huko Gikomba. Iongezwe boga au karoti kidogo, na yai likipatikana. Mbwa mzima hula mara mbili kwa siku; mdogo hula mara tatu au nne. Maji safi yasikatike.

Mabaki ya pilau na mchuzi asipewe, kwani vitunguu huharibu damu yake. Zabibu na chokoleti humdhuru pia, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa matumbo. Dawa ya tegu apewe kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo uani.

Wabillahi tawfiq.