Programu ya Kuchomea Diski: Kipimo ni Uhakiki

Watu wengi wachaguapo programu ya kuchomea diski katika kompyuta ya nyumbani hutazama kwanza mapambo yake na wingi wa vitufe vyake. Kipimo hicho si sahihi.

Diski ya CD-R ina tabaka la rangi maalum ambalo mwale wa leza hulichoma na kuacha alama. Alama hizo hazifutiki; kosa likitokea, diski huharibika moja kwa moja. CD huchukua megabaiti 700 hivi, na DVD ya tabaka moja gigabaiti 4.7. Mwalimu ahifadhiye humo matokeo ya maabara ya miaka kadhaa, kisha akayafuta katika kompyuta bila kuikagua diski, huenda akapoteza yote.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya programu ni uhakiki: ikisha kuandika, iisome diski upya na kuilinganisha na faili za asili. K3b ya Linux na ImgBurn ya Windows, zipatikanazo bila malipo, zina uwezo huo. Sifa ya pili ni kufuata kanuni ya kimataifa, kama ISO 9660 iliyotolewa mwaka 1988, ili diski isomeke katika kompyuta nyingine. Programu itumiayo mpangilio wake peke yake humfanya mwenye data kuwa mateka wa muuzaji.

Uhakiki huongeza dakika kadhaa za kungoja. Dakika hizo si hasara. Mwanafunzi wa sayansi hufundishwa kurudia kipimo kabla ya kuandika jibu. Hapana sababu ya kuilegezea mashine sharti hilo.