Gemu la kupakua ni mchezaji wa mkopo

JUMAMOSI usiku kwenye senta kama ya Natta, wilayani Serengeti, mechi ya Ulaya ikiisha kwenye kibanda umiza, vijana hawaendi kulala. Wanahamia kibanda cha pili, cha gemu. Pale hakuna VAR wala mchambuzi. Kuna televisheni moja, PlayStation moja, pedi mbili zilizofutika alama kwenye vitufe, na sheria moja tu: anayefungwa anatoka.

Mwenye kibanda anakusanya hela yake kwa kila mechi. Biashara yote imekaa juu ya kitu kimoja, CD yenye mikwaruzo inayofutwa kwa shati kabla ya kurudishwa kwenye mashine. Ikikwama, inapulizwa. Ikikubali, kelele zinaanza upya.

CD hiyo ndiyo inayoambiwa imepitwa na wakati. PS5 ilipoingia sokoni Novemba 2020 ilikuja kwa aina mbili, na moja haikuwa na sehemu ya kuingizia CD. PS5 Pro ya Novemba 2024 haina kabisa, anayeitaka anainunua pembeni. Konami nao walilizika jina la PES mwaka 2021, wakaleta eFootball ambayo ni ya kupakua kwenye intaneti tu. Ujumbe wa kampuni hizi uko wazi: achana na CD, kila kitu kiko mtandaoni.

Kwa shabiki wa London au Tokyo hilo ni jambo la urahisi. Kwa shabiki wa Natta ni jambo la nani anamiliki nini. Hapa ndipo mjadala unapopaswa kuanzia, na lugha nzuri ya kuuelewa ni ile ya dirisha la usajili.

CD ni mchezaji uliyemnunua. Umelipa ada, mkataba ni wako, jezi ni yako. Ukitaka kumuuza unamuuza, ukitaka kumwazima jirani unamwazima, ukichoka unabadilishana na mtu wa Mugumu. Gemu la kupakua ni mchezaji wa mkopo. Anafunga mabao kwako, mashabiki wako wanamshangilia, lakini klabu mama ndiyo yenye kauli ya mwisho. Huwezi kumuuza wala kumrithisha mtu. Ajabu ni kwamba kwa mkopo huu umelipa ada kamili ya usajili. EA Sports FC 25 ya PS5 ilipotoka iliuzwa dola 70 kwenye duka la mtandaoni, bei ileile ya iliyokuwa ndani ya boksi.

Atakayedhani huu ni uzushi aangalie kilichoipata FIFA yenyewe. Kwa takriban miaka 30, tangu 1993, EA walitoa gemu kwa jina hilo. Mei 2022 EA na shirikisho la soka la dunia walitangaza kuachana, na FIFA 23 ikawa ya mwisho. Septemba 2023, siku chache kabla ya EA Sports FC 24 kutoka, magemu ya FIFA yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, kuanzia FIFA 14 hadi FIFA 23. Miaka kumi ya mpira ikatoka kwenye rafu kimyakimya.

Waliokwisha kununua waliachiwa wapakue walichonacho, hilo lisemwe kwa haki. Lakini kijana aliyekuwa anadunduliza hela ili apate FIFA 19 alikuta mlango umefungwa. Hakuna bei ya kujadili, hakuna muuzaji wa kubembeleza. Njia ya halali iliyobaki ni moja tu: CD iliyoko mkononi mwa mtu mwingine.

Mtanzania ana sababu ya ziada ya kujali. Kwenye FIFA 20 yumo Mbwana Samatta. CD ilipotoka Septemba 2019 alikuwa Genk, timu iliyokuwa Ligi ya Mabingwa na iliyokwenda Anfield Novemba mwaka huo, Samatta akaifunga Liverpool. Januari 2020 akahamia Aston Villa, na Machi 1 akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Ligi Kuu Bara haijawahi kuwamo kwenye FIFA. Kwa hiyo kwa mtoto wa Kitanzania, kumshika Samatta kwenye pedi ndiko kulikuwa kujiona ndani ya gemu la dunia.

Leo FIFA 20 haiuzwi kwenye duka la mtandaoni. Mwenye CD bado anaye Samatta, na hahitaji ruhusa ya mtu kumchezesha. Hiyo ni kumbukumbu ya mpira wetu, imekaa kwenye plastiki inayoweza kufichwa chini ya godoro.

Lakini hapohapo kuna somo la upande wa pili, na anayetetea CD asilikwepe. Samatta aliyechapishwa kwenye CD ni wa Genk. Samatta wa Villa alikuja baadaye kwa intaneti, kikosi kilipofanyiwa marekebisho ya Januari. Mashine ambayo haijawahi kuunganishwa mtandaoni itamwonyesha Samatta wa Genk mpaka mwisho wa dunia. CD inahifadhi, ila inahifadhi siku moja tu. Habari za siku zinazofuata zinapita hewani.

Tena zipo CD ambazo ni boksi zuri lisilo na kitu. Mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya gemu la magari liitwalo The Crew, lililotoka 2014. Kwa kuwa lilihitaji intaneti muda wote, mwenye CD na aliyepakua walikwama pamoja. Kilio cha wanunuzi kilizaa kampeni iliyosambaa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "lina CD?" tu. Ni "linacheza bila bando?" FIFA za CD, kwa mechi za kawaida za watu wawili, zinacheza. Kibanda hakihitaji zaidi ya hapo.

Sasa turudi kwenye hesabu, kwa sababu mpira wa kijijini unachezwa kwa hesabu. EA Sports FC 25 ya kompyuta inataka nafasi ya GB 100. Mwaka 2021 TCRA ilipanga kwamba MB moja ndani ya bando isiuzwe chini ya Sh2.03 wala juu ya Sh9.35. Chukua hiyo bei ya chini kabisa. GB 100 zinavuka Sh200,000. Hapo gemu lenyewe halijalipiwa, umeme haujakatika katikati ya kupakua, na marekebisho ya wiki ijayo hayajaanza kula bando. CD inatoka Kariakoo, inapitia Mwanza, inafika Mugumu kama kifurushi kwenye basi, na bodaboda anaimalizia. Haili hata MB moja.

Kisha kuna suala la mlango wenyewe. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo duka la PlayStation linazihudumia rasmi. Barani Afrika mwenye duka ni Afrika Kusini. Kijana wa Natta anayetaka kununua kihalali anafungua akaunti akijifanya anaishi Marekani au Uingereza, kisha anatafuta kadi ya malipo ya huko, maana hela yake iko kwenye simu na simu haikubaliki pale. Mtu anayetaka kulipa analazimishwa kusema uongo kwanza. Siku kampuni ikiamua kuuliza maswali, mnunuzi ndiye mwenye kosa.

Ndiyo maana limezuka soko la akaunti za kugawana. Muuzaji anakupa barua pepe na neno la siri, unapakua gemu kwa bei poa, unaambiwa usiguse mipangilio. Baada ya miezi michache neno la siri linabadilika na simu ya muuzaji haipokelewi. Kwa CD, tapeli angalau ilibidi aje mlangoni.

Watu wa Mara wanaijua vizuri hali ya kuwa na haki ya kucheza halafu safari ikagoma. Oktoba 2021 Biashara United iliifunga Al Ahli Tripoli mabao 2-0 jijini Dar es Salaam kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano na ikatolewa. Uwanjani ilikuwa inaongoza. Iliyoifunga ni safari. Gemu la kupakua linamweka shabiki wa kijijini kwenye nafasi ileile: hela anayo, hamu anayo, ila geti linafunguliwa na mtu asiyemjua.

Watetezi wa kupakua wana hoja nzito, na baadhi ni za kweli. Ya kwanza ni simu. Vijana wengi wa vijijini hawajawahi kuwa na PlayStation, lakini wana simu janja. eFootball ni bure. Dream League Soccer inaingia kwenye simu ya kawaida, na watu wanaiwekea jezi za Simba na Yanga kwa mikono yao wenyewe, jambo ambalo FIFA ya CD haikuwahi kuwapa. Kwa kijana huyo, kupakua ndiko kulikomfungulia mlango. CD haikuwahi kumfikia.

Hoja ya pili ni vumbi. Natta kiangazi si mahali pa kuringia CD. Ukungu wa vumbi la barabarani unaingia mpaka ndani ya boksi, na mkwaruzo mmoja unaua usajili wa msimu mzima. Gemu lililo ndani ya mashine halikwaruziki.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma. CD nyingi zilizojaa kwenye vibanda hazikuwahi kuwa halali. Ni za kuchoma, na mashine nyingi za PS2 na PS3 zimechipiwa na kujazwa magemu kwa flashi. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999. Mtu hawezi kusimama jukwaani kulilia umiliki wakati kilichoko mkononi mwake ni cha wizi. Hilo lazima likubaliwe.

Lakini jibu lake limo kwenye hesabu ileile ya juu. Anayetaka kuua CD za kuchoma afungue duka ambalo Mtanzania anaweza kuingia kwa jina lake, alipe kwa simu yake, kwa bei inayoendana na mfuko wake. Huwezi kumfungia mtu geti la mbele, ukamzibia dirisha, halafu ukashangaa kumkuta amepita uani.

Kuna mambo yanayoweza kufanyika bila kungoja Tokyo wala California. Ingawa California nayo imeonyesha njia: kuanzia 2025 sheria yake inambana muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja kwamba anachopata ni leseni tu. Tume ya Ushindani, FCC, inayomlinda mlaji hapa nchini, ina sababu ya kutaka ukweli huohuo kwa Watanzania. Wauza magemu wa Mwanza na Dar nao wamwambie mteja kama boksi lina gemu ndani au lina karatasi ya namba, na kama linacheza bila intaneti.

Na mwenye kibanda asikimbilie kuuza mashine yake yenye sehemu ya CD kwa sababu tu jirani ameleta mpya. Mashine mpya isiyo na mlango wa CD inapendeza kwenye picha, ila inamfanya mpangaji ndani ya kibanda chake mwenyewe. Apakue yale ya bure, ayafaidi, hakuna dhambi. Lile ambalo riziki yake imelilalia alinunue likiwa na CD halali, hata kama ni ya mtumba.

Klabu yenye akili inaweza kuwa na wachezaji wawili watatu wa mkopo, na wakaisaidia kubeba kombe. Klabu yenye kikosi kizima cha mkopo, msimu ukiisha, inabaki na jezi tupu na deni la mabasi. Kibanda cha Natta kisifike huko.