Hakuna Ardhi Tupu Ugogo

Ukisimama kando ya bonde la Bahi, magharibi ya jiji la Dodoma, katika mwezi wa Machi, utaona maji na mpunga. Ukirudi Julai utakuta mabua, na makundi ya ng'ombe yakiyala. Ukirudi tena Oktoba utaona udongo uliopasuka nyufa, na vumbi likipeperushwa na upepo. Bonde ni lile lile, na wanaolitegemea ni wale wale. Sasa mpe mtaalamu aliyeketi ofisini picha moja ya setelaiti, umwambie alipe bonde hilo jina moja tu: ardhi oevu, shamba, malisho, au ardhi tupu. Jibu lake litategemea mwezi ambao picha ilipigwa.

Kwa mwanafunzi wa jiografia hili ni swali la mtihani. Kwa mkulima wa Bahi au mfugaji wa Chemba ni swali la haki. Ramani za uoto na matumizi ya ardhi ndizo zinazotumika kupima upotevu wa misitu, kupanga miji, kutenga hifadhi na kutafutia wawekezaji maeneo. Jina ambalo kipande cha ardhi kinapewa katika ramani husafiri kutoka kwenye kompyuta ya mchambuzi hadi kwenye meza ya mtoa maamuzi, na likifika huko ni nadra mtu kuuliza lilipatikanaje. Hoja yangu ni kwamba katika nyanda kame za kati, jina "ardhi tupu" na ndugu zake "pori" na "ardhi isiyotumika" mara nyingi si maelezo ya ardhi. Ni maelezo ya upungufu wa mtazamaji.

Tuanze na tofauti ambayo kila mwanafunzi hufundishwa, na ambayo wengi wetu huisahau tukishaajiriwa. Mfuniko wa ardhi ni kile kinachoonekana juu yake: miti, nyasi, maji, mawe, mapaa ya nyumba. Matumizi ya ardhi ni kile ambacho watu wanakifanya hapo na sababu ya kukifanya. Mfuniko unaweza kuonekana kutoka angani. Matumizi, kwa sehemu kubwa, hayaonekani. Nyasi zinaonekana, lakini makubaliano ya wazee kwamba nyasi hizo zisiguswe hadi Septemba hayaonekani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipotayarisha mfumo wake wa uainishaji, uliochapishwa mwaka 2000 na kutumika katika mradi wa Africover uliochora ramani za nchi kadhaa za Afrika ikiwemo Tanzania, lilisisitiza jambo hili hili: mfuniko uainishwe peke yake kwa sifa zinazopimika, na matumizi yashughulikiwe kwa njia yake. Hata hivyo ramani nyingi tunazozitumia bado zina orodha moja ambamo "msitu", "nyasi", "kilimo" na "ardhi tupu" vinakaa pamoja kana kwamba ni vitu vya aina moja.

Kosa hili lipo popote, lakini Dodoma linauma zaidi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takribani kati ya Desemba na Aprili. Katika miezi hiyo mawingu huziba uso wa ardhi, kwa hiyo mchambuzi anayetafuta picha safi hukimbilia picha za kiangazi. Kiangazi ndicho kipindi ambacho shamba la uwele limevunwa, miti mingi imepukutisha majani, na malisho yameliwa. Setelaiti za Landsat, zilizoanza kazi mwaka 1972, kwa miongo mingi zimetupatia picha ambazo chembe moja yake huwakilisha mita 30 kwa 30. Ndani ya chembe hiyo mnaweza kuwa na mbuyu, nusu ya shamba la mtama na njia ya mifugo, na vyote vikapewa rangi moja. Sentinel-2, iliyorushwa mwaka 2015, inaona hadi mita 10. Ni maendeleo makubwa, lakini hata mita moja haitakuonyesha kwamba shamba limepumzishwa kwa makusudi.

Ubaya wa jina unaanza pale linapokutana na sheria. Tunazo sheria mbili zilizopitishwa mwaka 1999 kama mapacha: Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5. Ya kwanza, katika tafsiri ya maneno, inasema ardhi ya jumla ni ardhi yote ya umma isiyo ya hifadhi wala ya kijiji, kisha inaongeza kwamba inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ya pili haina nyongeza hiyo. Zaidi ya hapo, kifungu chake cha 7, kinapoeleza ardhi ya kijiji ni ipi, kinatambua miongoni mwa matumizi ardhi iliyopumzishwa, ardhi ya kulishia mifugo na mapito ya mifugo kwenda malishoni. Yaani sheria ya vijiji inaijua nchi kavu inavyoishi. Pacha wake anaacha mlango wazi: ukithibitisha kwamba ardhi "haitumiki", waweza kudai kwamba si ya kijiji. Na siku hizi ushahidi ulio rahisi kuletwa mezani ni ramani yenye rangi ya kijivu iliyoandikwa "ardhi tupu".

Historia ya mkoa huu inatuonya. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, kuchunguza uwezekano wa kulima karanga kwa mashine. Ujumbe ulikaa Afrika Mashariki wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi uliikagua kutoka kwenye ndege. Kongwa, iliyo karibu na reli ya kati, ilionekana kuwa pori linalongoja trekta. Mradi ulianza mwaka 1947. Mizizi ya vichaka ilivunja mashine, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji wakati wa kuvuna, na mvua haikuja kwa kipimo cha makabati ya London. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulifutwa, baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Wagogo walijua kwa nini nchi ile haikulimwa yote kwa wakati mmoja: kuhamisha ng'ombe na kutawanya mashamba ndiyo ilikuwa bima yao dhidi ya ukame. Kilichoonekana kutoka angani kuwa ardhi isiyotumika kilikuwa ardhi inayotumika kwa tahadhari. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wako watakaosema hayo ni ya wakoloni. Basi tuje kwetu. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Huko Kondoa makorongo yalikuwa yamekula vilima, na hakuna mtu mwaminifu anayeweza kusema kwamba tatizo halikuwapo. Eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,256 liliwekewa mpaka na kuitwa eneo lililomomonyoka, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi. Kwa kipimo cha mfuniko, yalikuwa mafanikio. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walihamia kwa jamaa na kwa majirani nje ya mstari, na ramani iliyofuatilia kijani ndani ya mpaka haikuwa na safu ya kuandika gharama iliyobebwa nje yake: maziwa yaliyokosekana, samadi iliyopungua, familia zilizohama. Sisemi HADO ilikosea kuilinda Kondoa. Nasema tulipima nusu ya jambo, tukaliita zima.

Mfano mwingine uko Manyoni na Itigi, katika mkoa jirani wa Singida. Huko kuna vichaka vizito vya Itigi, uoto wa aina ya pekee ambao kimo chake kwa kawaida ni kati ya mita mbili na tano. Je, ni msitu? Kwa ufafanuzi wa kimataifa unaotaka miti ifikie mita tano, sehemu kubwa ya vichaka hivyo haimo. Kwa ufafanuzi ambao Tanzania iliutumia kuwasilisha kiwango chake cha rejea cha misitu kwa Umoja wa Mataifa, wenye kimo cha mita tatu, sehemu kubwa inaweza kuingia. Hakuna mti uliopandwa wala kukatwa katikati ya fafanuzi hizo mbili, ila ukingo umesogezwa. Ukiwa nje ya jina "msitu", kufyeka kichaka ni kusafisha shamba. Ukiwa ndani, ni uharibifu wa misitu unaohesabiwa kitaifa. Mtu anayesoma takwimu bila kusoma ufafanuzi wake ni kama mnunuzi anayesoma bei bila kutazama kipimo.

Jiji letu nalo limo katika hatari hiyo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179 katika Jiji. Watu hawa wanahitaji maji, na kwa miongo mingi maji ya Dodoma yametoka katika visima vya Makutupora, kaskazini ya jiji. Kumbukumbu za visima hivyo, zinazoanzia miaka ya 1950, zinaonyesha kwamba akiba ya chini ya ardhi hujazwa hasa katika miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya 1997/98, na watafiti wameonyesha kwamba maji mengi hupenya kupitia mchanga wa mito ya msimu, kama Kinyasungwe Ndogo. Tazama mto huo katika picha ya Septemba. Utaona utepe wa mchanga mkavu, na programu ya uainishaji itauandika "ardhi tupu". Kwa afisa anayetafuta mahali pa kupima viwanja, au kwa mwenye lori anayetafuta mchanga wa kujengea, jina hilo ni kama kibali. Kumbe ule mchanga ni mdomo ambao makao makuu ya nchi hunywea maji.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa, na zote zina uzito. Ya kwanza ni kwamba nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya 940,000 haiwezi kuchorwa kwa kutembea kijiji kwa kijiji, na kwamba bila orodha moja ya kitaifa hatuwezi kulinganisha mwaka na mwaka, wala mkoa na mkoa. Ni kweli. Ndiyo maana sidai kwamba setelaiti iachwe. Nadai kwamba iulizwe maswali inayoweza kuyajibu. Mfuniko uainishwe kitaifa kwa mfumo mmoja; matumizi yaandikwe katika safu ya pili, na pale ambapo hayajathibitishwa iandikwe wazi "hayajathibitishwa". Kutojua si aibu kwa mtaalamu. Aibu ni kuita kutojua kwako utupu wa mwenzako.

Pingamizi ya pili ni kwamba wanakijiji nao wana masilahi: mwenyekiti anaweza kuita malisho shamba ili auze, na mfugaji anaweza kudai kila kichaka. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inataka mpango wa kijiji upitie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya wote, si katika mkoba wa mtu mmoja. Wilayani Kiteto, mpakani mwa mkoa wetu, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vimeonyesha kwamba watu wanaweza kukaa pamoja na kuandika malisho yao ya pamoja kwa jina lake halisi. Ardhi ile ingeweza kuitwa pori na mtu mwingine. Imeitwa malisho na wenyewe, kwa maandishi, na jina hilo lina nguvu ya sheria.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, ramani yoyote ya nyanda kame itakayotumika katika uamuzi wa ardhi itokane na picha za misimu miwili kwa uchache, ya mvua na ya kiangazi. Pili, ramani hiyo iambatane na jedwali la makosa yake na ufafanuzi wa kila jina, kwa Kiswahili, na ibandikwe katika ofisi ya kijiji kabla ya kupelekwa wizarani. Tatu, neno "tupu" libaki kwa miamba na chumvi. Mashamba yaliyopumzishwa, mapito ya mifugo na mito ya mchanga yapewe majina yao. Nne, Bunge liondoe katika Sheria ya Ardhi yale maneno yanayoihamisha ardhi ya kijiji kwa kisingizio cha kutotumika, ili sheria mbili zilizozaliwa mwaka mmoja ziseme kauli moja.

Tatu za kwanza hazihitaji kusubiri Bunge. Wengi wanaosoma hapa ni maafisa wa halmashauri, au watakuwa hivi karibuni. Siku moja utapewa picha ya kata usiyowahi kuifika, na orodha ya majina ya kuchagua, na tarehe ya kukabidhi kazi. Kabla ya kuandika "ardhi tupu", tazama picha ilipigwa mwezi gani, kisha mpigie simu mtendaji wa kijiji umuulize nani hupita pale, na lini. Ni simu ya dakika tano, na huenda ikaokoa malisho ya kijiji kizima.